Nyumba ya Watu Sita

Mama msomaji, kwa miaka mingi nimesimama mbele ya akina mama wenzangu kanisani na kusema kwamba Wazungu hutupa wazazi wao. Nilisema hivyo katika semina, nikasema matangani, na hata wodini nilipokuwa nikizungumza na jamaa waliochelewa kuja kumchukua mzee wao aliyekwisha kuruhusiwa. Sikuwa nimewahi kukanyaga nyumba hata moja ya hao wazee waliotupwa. Niliyajua hayo kwa kusikia tu, kama wengi wetu.

Mwezi wa Julai 2023 nilikanyaga. Mdogo wangu anaishi Tacoma, katika jimbo la Washington, Marekani, na kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ndogo ya watu sita. Alinitumia tikiti ya ndege ili tuonane baada ya miaka tisa, lakini kusema kweli hakuniita kwa mapumziko. Aliniita tuzungumze juu ya Mama.

Mama yetu alikuwa na umri wa miaka 81 mwaka huo. Anaishi milimani Taita, juu ya Wundanyi, katika nyumba aliyojenga na Baba. Mwezi wa Aprili aliinjika sufuria ya maharagwe, akasahau, akaenda kwa jirani. Jiko likaungua nusu. Baada ya hapo akaanza kuuliza Baba atarudi saa ngapi, na Baba tulimzika mwaka 2009. Mdogo wangu akawa ananiambia kwa simu, "Dada, tumtafutie nyumba ya wazee yenye watu wanaoijua kazi." Nikamjibu kwa ukali kwamba huo ni uzungu na sisi hatujafika huko. Mara mbili tulikatiana simu. Basi nilipopanda gari moshi pale Voi kwenda Nairobi kushika ndege, nilikuwa nimebeba unga wa uji, njugu za makadamia, na hotuba.

Tacoma ni mji wa bandari, umekaa kando ya mkono wa bahari uitwao Puget Sound. Nilikuwa nimeonywa juu ya mvua, lakini Julai kule ni kiangazi, mbingu ni nyeupe na jua halitui mpaka saa tatu usiku. Jambo hilo lilinisumbua kuliko safari yenyewe. Mwili unajua ni wakati wa kulala, na nje watoto bado wanacheza kwa baiskeli. Upande wa kusini mashariki unasimama Mlima Rainier, mita 4,392, wenye theluji mwaka mzima. Siku za mawingu hauonekani kabisa, na siku unapoonekana watu wa pale huambiana, "Mlima umetoka," kama vile ulikuwa umeingia ndani kulala. Nilicheka niliposikia. Mama yetu naye, tangu tukiwa wadogo, asubuhi ikiwa safi husimama uani na kututangazia kwamba Kilimanjaro kimeonekana.

Siku ya pili mdogo wangu aliniombea ruhusa kwa mwenye nyumba, Mkenya mwenzetu aliyeanza kama mhudumu wa kawaida mpaka akapata leseni yake mwenyewe. Alikubali nije kama mgeni, kwa masharti mawili: wazee wenyewe waridhie, na mimi nisiguse dawa wala mgonjwa. Diploma yangu ya uuguzi na miaka yangu zaidi ya ishirini ya wodini haikuwa kitu pale bila leseni ya jimbo. Nilipewa kisu nimenye viazi. Kwa heshima ya wazee wale sitataja majina yao.

Nilitazamia kuona jengo kama hospitali. Niliona nyumba ya kawaida katika mtaa wa watu, isiyo na ghorofa, yenye waridi mbele na gari limeegeshwa. Kitu pekee kilichoitofautisha na ya jirani ni njia ya mteremko iliyofika mlangoni kwa ajili ya viti vya magurudumu. Ndani kuna vyumba sita vya kulala, kila mzee na chake, na kila chumba na picha zake ukutani, kitanda chake, pengine kiti alichotoka nacho kwake. Bafuni kuna vyuma vya kushika, imara kabisa, nilijaribu kuvitikisa. Dawa zimefungiwa kabatini. Ukutani, mahali pa wazi, kuna orodha ya haki za wakazi na nambari ya simu ya kupigia mtetezi wao iwapo mtu anaonewa. Mlango wa nje ukifunguliwa, kengele ndogo hulia, kwa sababu wako wanaotoka na kupotea.

Sheria ya jimbo hilo inamruhusu mtu mwenye leseni kuwatunza watu wazima wasiozidi sita, wasio jamaa zake, katika nyumba ya kuishi. Tangu mwaka 2020 nyumba zinazotimiza masharti ya ziada zinaweza kuruhusiwa kufika wanane. Nyumba hizi ni nyingi katika mitaa ya Tacoma, Kent na Seattle, na miongoni mwa wenye kuziendesha wamo wengi waliotoka Ufilipino, Rumania, Ethiopia na kwetu Kenya. Kwa kawaida mhudumu mpya hutakiwa kusomea kazi kwa saa 75, afanye mtihani, na achunguzwe kama ana rekodi ya uhalifu. Kazi kama kudunga insulini hawezi kuifanya mpaka muuguzi mwenye leseni amfundishe juu ya mgonjwa huyo hasa, na muuguzi lazima arudi kumkagua angalau mara moja kila siku 90. Hilo nililipenda. Mimi nimewapa jamaa za wagonjwa sindano na chupa mlangoni mwa wodi, nikawaeleza kwa dakika tano, nikawaaga.

Gharama ni maelfu ya dola kwa mwezi. Nilidhani serikali ya nchi tajiri huwalipia wazee wote, lakini sivyo. Bima kubwa ya wazee, Medicare, hulipa hospitali na madaktari, hailipi makazi ya namna hii ya muda mrefu. Mzee hutumia akiba yake, wengi huuza nyumba, na fedha zikiisha ndipo huomba msaada wa Medicaid. Kwa mtu asiye na mwenzi, akiba isizidi dola 2,000, mbali na vitu vichache visivyohesabiwa. Mtu amefanya kazi miaka arobaini, na anamaliza akiwa na dola elfu mbili na picha ukutani.

Sasa nikueleze siku yao. Zamu ya mchana huanza saa moja asubuhi, wahudumu wawili kwa wazee sita. Usiku hubaki mmoja. Nilipiga hesabu ya wodi nilizofanyia kazi usiku peke yangu, nikaacha kuihesabu. Kazi ya kwanza si chai wala dawa. Ni kuketi kidogo kitandani kwa kila mmoja na kutazama: ameamkaje, uso ukoje, mkojo ukoje, anasema maneno ya kueleweka au ya kupotea. Yule asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na visigino vyake hutazamwa kila siku kama vimekuwa vyekundu, maana kidonda cha malazi huanza kwa wekundu huo. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa meli alipata kiharusi, kwa hiyo chai yake hutiwa unga wa kuifanya nzito isije ikampalia. Kila kidonge kikimezwa huandikwa, kila aliyekataa kula huandikwa.

Lakini aliyenifunza zaidi ni bibi wa chumba cha mwisho. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa ana ugonjwa wa Alzheimer. Kila asubuhi swali lake ni moja: "Mlima umetoka?" Ukimjibu hufurahi, na baada ya dakika kumi huuliza tena. Kuoga alikuwa hakubali. Mdogo wangu aliniambia kwamba alipofika mara ya kwanza bibi huyu alikuwa akipiga kelele bafuni mpaka majirani wanasikia. Ilichukua majuma kadhaa kugundua sababu. Alikuwa akiogopa baridi, na akiogopa maji usoni. Siku hizi taulo zake huwekwa kwanza katika mashine ya kukaushia nguo zipate joto, moja hufunikwa mabegani tangu mwanzo, naye huoshwa miguu kwanza na kichwa mwisho, huku akishika kitambaa mkononi na kujisugua mwenyewe pale anapofika. Nilisimama mlangoni, kwa ruhusa yake, nikasikia akiimba.

Kazi ngumu ilikuja saa kumi alasiri. Wagonjwa wa namna hii wengi huchafuka akili jua linapoinama. Bibi alivaa kofia, akachukua mkoba, akaenda mlangoni. Watoto wake wanatoka shule, alisema, nani atawapa chakula? Watoto wake wana wajukuu. Mimi, mama msomaji, najijua ningesema nini: "Bibi, watoto wako ni watu wazima, keti." Ndivyo nilivyomwambia Mama mwenyewe, "Mama, Baba alikufa 2009," na kila nilipomwambia alilia upya kama mjane wa siku ile. Mdogo wangu hakumbishia. Alisimama naye pale mlangoni akamwuliza, "Watoto wanapenda kula nini?" Bibi akafikiri, akasema mkate wenye siagi ya njugu. "Na yule mdogo?" Huyo ni msumbufu, hali maganda ya mkate. Wakazungumza juu ya watoto mpaka uso wa bibi ukalegea, kisha mdogo wangu akamwomba amsaidie kukunja vitambaa vya mezani kabla wageni hawajafika. Alikunja vitambaa arobaini. Vilipokwisha, mhudumu wa pili alivikunjua chumba cha pili akamletea tena.

Niliuliza kama huko si kumdanganya. Mdogo wangu alinijibu, "Dada, mimi sikumwambia lolote. Nilimwuliza tu."

Siku nyingine bibi huyo huyo aliamka akisema maneno yasiyoshikana na kumwona mtu asiyekuwapo. Mimi nilidhani ni ugonjwa wake. Mdogo wangu akasema hapana, jana hakuwa hivi, akamwarifu mwenye nyumba na mkojo ukapimwa. Ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Hili nalijua tangu chuoni: mzee akichanganyikiwa ghafla, tafuta maambukizi, upungufu wa maji, au dawa mpya. Nalijua, na tangu Aprili nilikuwa sijampima Mama kitu chochote isipokuwa shinikizo la damu. Nilikuwa nimeamua kwamba ni uzee.

Usidhani nimekuja kukusifia Marekani. Televisheni huwaka pale tangu asubuhi mpaka usiku, hata wakati hakuna aitazamaye. Mchana ni mrefu mno kwa mtu aliyekaa kiti kimoja. Fundi wa meli ana mwana katika jimbo jingine ambaye huahidi kuja Jumapili. Jumapili niliyokuwapo mzee aliomba avalishwe tai, akaketi dirishani tangu saa nne. Saa kumi na mbili jioni mdogo wangu alimfungua tai taratibu, akaikunja, akairudisha sandukuni, na wote wawili hawakusema neno. Hapo hotuba yangu ingefaa sana.

Lakini chumba cha pili yuko bibi ambaye binti yake huja kila jioni akitoka kazini, bado amevaa beji ya ofisi. Humlisha mwenyewe, na Ijumaa humkata kucha. Aliniambia alimtunza nyumbani kwa miaka minne mpaka mgongo wake ukashindwa kumnyanyua. Nilimtazama akizikusanya zile kucha katika karatasi, nikaona aibu kwa semina zangu zote.

Hata mdogo wangu mwenyewe sikumkuta nilivyomfikiria. Hufanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa juma, maana karo ya watoto na fedha za Mama hutoka humo. Kwenye gari kuna dawa ya kuchua mgongo. Kila siku, saa mbili usiku akiwa ametoka zamu, hupiga simu nyumbani, ambako wakati huo ni saa kumi na mbili asubuhi na Mama ndiyo anaamka. Jioni moja nilikuwa kando yake garini, simu imewekwa sauti ya juu. Mama alisalimia, akauliza anaongea na nani. Kisha msichana tunayemlipa kumsaidia akashika simu. Ana miaka 19, ni mpole, na hakuna aliyewahi kumfundisha lolote.

Mdogo wangu akamwuliza, "Mama anachechemea bado? Hebu tazama kisigino cha kushoto, kina wekundu?"

Msichana akasema hajui, Mama amekwisha kuvaa soksi.

"Jana ulikitazama?"

"Sijawahi kukitazama, Anti."

Mdogo wangu alikata simu akaweka kichwa juu ya usukani. Akasema anavijua visigino vya watu sita wa nchi hii, cha kushoto na cha kulia, na cha mama yake hakijui. Alilia sana. Nami, badala ya kumfariji, nikajitetea. Nikasema mimi huenda kila Jumamosi ninapopata nafasi. Akaniuliza ni Jumamosi ngapi tangu Pasaka. Kutoka Voi mpaka nyumbani ni safari ya matatu ya asubuhi moja tu, na Jumamosi nyingi mimi na kikundi cha akina mama wa kanisa huwa tunatembelea wagonjwa hospitalini. Tunawapelekea sabuni na matunda. Tangu Pasaka nilikuwa nimemwona Mama mara tatu.

Tulikaa ndani ya gari lile mpaka jua likatua, na unajua sasa jua la kule hutua saa ngapi. Aliitaja tena nyumba ya wazee. Nikamwambia kwamba ninaifahamu Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini, na sina neno baya juu yake. Shirika lao lilianzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan, ambaye mwaka 1839 alimchukua mjane kipofu akamlaza katika kitanda chake mwenyewe, na mwaka 2009 alitangazwa mtakatifu. Lakini masista wale huwapokea wazee maskini, na Mama ana nyumba, shamba na watoto. Kuzihesabu nyumba za aina nyingine karibu na kwetu hakukutuchukua muda. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa yake na kwa Serikali. Serikali ilitoa sehemu yake kwa mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi. Kwa Mama hizo huisha kwa nepi kabla ya mwezi kufika katikati. Iliyobaki ilikuwa sehemu ya jamaa, na jamaa ni sisi wawili ndani ya gari.

Nilirudi Kenya mwishoni mwa Julai. Juma hilo hilo nilimpeleka Mama hospitali. Walimtoa nta masikioni, nyingi ajabu, na nusu ya ule ukaidi tuliokuwa tukiulalamikia ikaondoka siku hiyo; alikuwa hasikii tunachomwambia. Jicho moja lina mtoto wa jicho. Kumbukumbu haikurudi wala daktari hakutuahidi kwamba itarudi. Fundi alikuja akafunga vyuma chooni, na jiko la kuni likawekewa mlango wenye komeo juu. Msichana nilimfundisha muda wa siku nne, si dakika tano: kumgeuza, kumwogesha kuanzia miguuni, kumwuliza habari za Baba badala ya kumwambia amekufa. Nikamwongezea mshahara, nusu yangu na nusu ya mdogo wangu. Binamu yetu jirani hukaa zamu siku mbili ili msichana naye apumzike. Jumamosi zangu nimezihamishia mlimani, na akina mama wa kikundi wawili waliguna. Baadaye wakaja mmoja mmoja kunieleza habari za mama zao.

Sijui mpango huu utatosha mpaka lini. Mama akifika mahali pa kunyanyuliwa na watu wawili, tutaketi tena, na safari hii sitakata simu. Kuja Voi hataki, anasema joto la huko ni la mbuzi.

Pia nilimnunulia msichana daftari la kurasa 96. Huandika kila siku, kisha hulipiga picha na kumtumia mdogo wangu Tacoma, ambaye hulisoma akitoka zamu. La juma lililopita nililisoma nikiwa nimeketi jikoni:

"Jumatatu. Uji vikombe viwili. Kisigino kizuri vyote viwili. Ameuliza Baba, tumeongea habari za Baba na ng'ombe wake. Jumanne. Amekataa kuoga, nikamwacha, jioni amekubali. Jumatano. Ukungu. Ameuliza mlima mara tano. Alhamisi. Umeonekana."